Glenys na Chupa Namba Kumi na Saba

Glenys Barraclough alifanya kazi miaka ishirini na tisa katika kiwanda cha biskuti huku kwetu Yorkshire, Uingereza, na kazi yenyewe ilikuwa kuonja. Alikaa katika chumba cheupe, akaletewa biskuti za kila tanuri, akamega, akatafuna, akaandika. Siagi ikianza kuharibika, yeye alijua siku mbili kabla ya mashine. Hata kabla hajastaafu, sisi wa klabu ya wapika bia wa nyumbani tulikuwa tumeshamteka awe jaji wa mashindano yetu.

Mwenyewe hakuwahi kupika bia hata chupa moja. Mpishi alikuwa mumewe, Desmond, fundi bomba, mtu mnene mwenye sauti ya kuita ng'ombe, aliyepika bia gerejini kwake kila mwezi. Na kwa kuwa mkewe ndiye jaji, kanuni zilimzuia kushindana. Jambo hilo lilimkera sana.

"Ipo siku nitajiandikisha kwa jina la mama yangu," alikuwa akitutishia. "Nataka huyu mwanamke anihukumu bila kujua kwamba ni mimi. Nyumbani ananionea."

"Nyumbani nakuhurumia," Glenys alimjibu.

Desmond alikufa mwezi wa Machi, amepiga magoti chini ya sinki la jirani, spana mkononi. Moyo. Waliokwenda kumpa habari walimkuta Glenys anamenya viazi. Alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akamalizia vilivyobaki. Kwenye maziko alipitisha sinia za mikate mwenyewe, akaulizia nani hajapata chai. Tulingoja avunjike. Ukapita Aprili, ukapita Juni, ukapita Agosti. Mikutanoni alikuja, akaketi, akajibu alichoulizwa. Ukimuuliza hali alisema, "Nipo," basi.

Mimi niliona ni ushujaa. Mke wangu alikataa. "Ushujaa gani? Yule hajafika bado msibani kwake."

Mashindano yetu huwa Jumamosi ya pili ya Novemba, katika jengo la klabu ya kriketi, na mimi ndiye katibu. Wiki tatu kabla ya siku yenyewe, Trevor Sugden, rafiki wa Desmond tangu shule, alikuja mlangoni kwangu na chupa mbili zilizofungwa kwa gazeti.

"Za Desmond," akasema. "Ile bia yake nzito ya majira ya baridi. Alinipa sita mwezi wa Januari. Nne nimekunywa."

"Trevor, kanuni unaijua."

"Kanuni inasema mume wa jaji. Haya niambie, marehemu ni mume wa nani?"

"Wa Glenys, bwana! Bado ni mumewe."

"Basi katafute wakili. Mimi naziacha hapa."

Ningekataa. Sikukataa. Nilizibandika karatasi zenye namba kumi na saba, nikaziweka pamoja na nyingine. Mpaka leo siwezi kusema kama nilifanya vile kwa ajili ya Desmond, au nilitaka tu kuona uso wa Glenys ukibadilika.

Siku ilifika, mvua inanyesha. Meza ya bia nzito ilikuwa na washindani saba. Glenys aliketi na jaji mwenzake, Noel Akroyd, tarishi wa posta wa mtaa wetu, na mimi nikawa nawamiminia. Glenys aliinua kila glasi kwenye mwanga, akanusa, akaonja, akaandika, kisha akala kipande cha biskuti kavu na maji kabla ya inayofuata. Nilipofika kwenye kumi na saba nilimimina kwa haraka, bia ikamwagika kitambaani. Aliangalia lile doa, akasogeza karatasi yake isilowe.

Noel alionja akafumba macho. "Aisee! Hii ndiyo yenyewe, mama. Zabibu kavu, ngozi ya kiti cha zamani, keki ya Krismasi. Mimi nampa thelathini na tisa kwa hamsini."

"Mwanzo mzuri," Glenys alisema. "Imeze kwanza."

"Nimeshameza."

"Inachoma hapa." Akagusa shingo kwa kidole. "Hamira ilipata joto mno. Huyu mtu alikuwa na haraka."

"Inachoma kidogo tu! Na baridi hii, nani asiyependa kuchomwa kidogo?"

"Hatuhukumu hali ya hewa, Noel. Thelathini na mbili."

Walivutana kidogo, Noel akasalimu amri, kama wote tulivyozoea kusalimu amri mbele ya ule ulimi. Kwa alama za Noel bia ile ingekuwa ya kwanza. Kwa alama za Glenys ikawa ya tatu. Ningeweza kukohoa. Ningeweza kusema neno. Nilichukua glasi nikaenda kuziosha.

Saa kumi na nusu jioni nilisimama kusoma matokeo. Watu kama arobaini, makoti yanatoa mvuke. Nikafika kwenye bia nzito.

"Nafasi ya tatu," nikasema. "Desmond Barraclough."

Mtu mmoja alipiga makofi mara mbili, akaacha. Noel aligeuka rangi ya mshumaa. Glenys alikuwa safu ya mbele, mkoba juu ya magoti.

"Namba ngapi?" akauliza.

"Kumi na saba."

"Ah. Ile inayochoma."

Trevor alikuwa amesimama nyuma karibu na mlango, mashavu yameloa. "Glenys, dada yangu, ungejua ungempa ya kwanza!"

"Ningejua nisingeihukumu," alisema. "Thelathini na mbili ni zake."

Akaja mbele kuichukua kadi, akanipa mkono kama mtu yeyote aliyekuja kumpokelea mwenzake, akaniuliza kama katika chupa kulikuwa na kilichobaki. Kilikuwepo, kimo cha kidole. Alikinywa pale pale, amesimama, watu wote wakimtazama. Nilijiambia nisitazame, nikatazama. Uso wake haukuonyesha kitu.

"Miaka thelathini na nne nimeonja bia ya mtu huyu," akaniambia, kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi. "Sikuijua."

Nilimrudisha nyumbani kwa gari langu. Njiani nilimwomba radhi, maneno mengi yasiyo na mpango. Aliniacha mpaka nikaishiwa.

"Usiombe radhi," akasema. "Kitu chochote ukinipa nitakwambia kilichomo. Chumvi kiasi gani, sukari kiasi gani. Ulimi mzima kabisa. Ila hakuna kinachonifikia. Ni kama barua zangu zinapelekwa nyumba ya pili." Aliposhuka akainama dirishani. "Karatasi yake ya alama mtumie kwa posta, kama wengine. Jina lake na anwani yake."

Nilituma Jumatatu. Aliyeipeleka ni Noel, njia ile ni yake. Aliniambia alisimama langoni kama dakika tano kabla ya kuisukuma kwenye tundu la mlango.

Tangu hapo kimya. Krismasi ikapita. Alhamisi moja ya Januari, asubuhi, simu ikalia.

"Gari lako linawaka?" alikuwa Glenys. "Nadhani nimevunjika kidole cha mguu."

Nilimkuta gerejini, ameketi juu ya kreti, mguu mmoja hauna ndara, kidole gumba kimevimba na kuwa cha bluu. Karatasi ya alama ilikuwa sakafuni.

"Umefanyaje tena?"

"Barua yake nimeifungua leo. Nikaisoma. 'Hamira ilipata joto mno.' Mwandiko wangu mwenyewe. Nikaja huku, nikaona pipa lake liko palepale, limebanana na boila ya kupashia maji. Miaka mingapi nimemwambia, Des, sogeza hilo pipa? Kesho, mpenzi. Kesho. Nikalipiga teke."

"Lilikuwa tupu?"

"Limejaa. Halikusogea hata inchi."

Hospitali tulikaa zaidi ya saa tatu katikati ya watu wanaokohoa. Mguu aliuweka juu ya kiti, anavuta pumzi kwa meno.

"Kinauma," akasema.

"Lazima kiume, kimevunjika."

"Hapana, hunielewi." Alinishika mkono wa koti. "Kinauma kweli."

Halafu akaanza kumsema Desmond. Kwamba aliacha milango ya makabati wazi maisha yake yote. Kwamba aliimba bafuni wakati majirani wamelala. Kwamba daktari alimwambia apunguze uzito, akarudi nyumbani na soseji. Kwamba hakuwa na haki, hakuwa na haki kabisa, kwenda kufia chini ya sinki la watu siku ya Jumapili, kazi ambayo hata hakulipwa. Sauti ilikuwa inapanda. Muuguzi mmoja alikuja akamwomba aipunguze kidogo, akamjibu, "Dada, ngoja nimalize," akaendelea. Aliyeketi karibu nasi alihamia kiti cha mbali. Macho ya Glenys yalikuwa makavu mpaka walipomwita ndani kwa jina, Bibi Barraclough, na hapo ndipo hakuweza kusimama, nami nikadhani ni kwa sababu ya mguu.

Kidole walikifunga pamoja na cha pembeni yake, wakasema wiki sita. Alichechemea mpaka Pasaka, na dukani wakimuuliza kimempata nini, alijibu kwamba amempiga mume wake teke.