Shemeji aligoma kumtolea dada damu, eti ndoa itaharibika

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu. Sipambi kitu hapa, nasimulia kama nilivyoona.

Miaka ya sabini, kwetu Kishapu. Dada yangu Kabula tangu utotoni alikuwa mtu wa kuumwa viungo, macho ya njano. Waganga wamemchanja chale mpaka basi. Akaolewa na Masanja, akashika mimba.

Mimba ilipokuwa kubwa akaishiwa nguvu, hata kibuyu cha maji hanyanyui. Tukampakia kwenye lori la pamba hadi hospitali mjini Shinyanga.

Daktari akasema ni selimundu, damu inavunjika yenyewe mwilini. Aongezewe haraka, la sivyo tunapoteza mama na mtoto.

Enzi hizo hakuna cha benki ya damu, mnapimwa ndugu. Yangu ikakataa, group tofauti. Ya mama ikakataa. Ya Masanja ikakubali, tukamshukuru Mungu.

Tuliwahi mno kushukuru.

Baba mkwe wa dada alikuwepo. Akamwambia mwanawe, "Watu wakichanjiana damu wanakuwa ndugu. Ukimpa yako, huyu ni dada yako. Utalalaje na dada yako?"

Daktari alieleza mpaka koo likakauka. Mama alipiga magoti, mama yangu mzazi, mbele ya mkwewe Masanja. Naye, dume zima, akamtazama baba yake, kisha akashusha mkono wa shati aliokuwa ameshaukunja.

Aliyekuja kumwokoa dada ni mchimba dhahabu wa Geita, alikuwa anamuuguza mwenzake aliyeangukiwa na kifusi. Hakutujua hata majina. Ila mpaka tumpate, mtoto alishafia tumboni.

Dada alipopata nafuu, Masanja akaja na baiskeli kumchukua mkewe, kanga mpya kwenye keria. Dada akapiga goti, akamwamkia.

"Shikamoo kaka."

Jamaa akadhani kachanganyikiwa. Dada akaendelea taratibu, "Si uliogopa nisije kuwa dada yako? Haya, nimeshakuwa. Wasalimie nyumbani."

Akarudi na kanga yake.

Funzo: pimeni selimundu kabla ya kuoana, na mimba ikiingia jueni mapema nani atatoa damu. Msingoje hadi mlangoni mwa wodi muanze kikao cha ukoo.

Wazee wale wameshakufa na mimi bado nina hasira nao, sifichi. Kama kwenu nako waliamini hivi, mwageni hapa nisome.

Dada hakuolewa tena. Na kila alipokutana na Masanja mnadani, alimwamkia vilevile, mbele za watu.