Mixer ya rack aliyoinunua kaka ili Mama asikike

Wakuu, salamu zenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Nimeusoma ule uzi wa jamaa anayeuliza achukue mixer gani ndogo ya rack kwa sherehe za mtaani. Nimeona mnavyombishia: chukua channel kumi na sita, chukua yenye taa, chukua yenye echo. Nilicheka, halafu kicheko kikakata.

Hili ninaloandika lilitokea nyumbani kwetu Songea na sijatia chumvi. Mwenye haraka ashuke chini kabisa, ushauri nimeuweka huko.

Kwanza mimi ni mwanamke, kwa hiyo msianze kuniita kaka mkuu. Nakodisha muziki tangu enzi za ruksa, pale bidhaa zilipoanza kumiminika na hata sisi wa kusini tukaanza kuona amplifaya dukani. Kabla ya hapo spika ya maana ilikuwa ile honi ya parokiani.

Fundi hasa alikuwa kaka yangu Longino. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio pale Bombambili. Mimi nilikuwa wa kubeba waya na kugombana na wateja, kazi ninayoiweza mpaka leo.

Mama yetu alikuwa Mnyasa aliyeolewa Ungonini, na alikuwa mwimbishaji wa kioda.

Kwa wasiojua, kioda ni ngoma ya akina mama. Wapiga ngoma wanakaa katikati, wanawake wanazunguka duara taratibu, mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia. Anayetoa wimbo naye anatembea kwenye duara. Hasimami. Akisimama siyo kioda tena.

Mama aliimbisha tangu sijazaliwa. Halafu kifua kikaanza kumsumbua. Sauti ikawa nzuri ileile lakini ndogo, inaishia kwenye ngoma, haiwafikii wenzake wa upande wa pili. Wakawa wanaitikia wimbo kabla hajaumaliza.

Maneno yakaanza, mnawajua akina mama. Kwamba amwachie Mama Ponsiana. Mama Ponsiana mwenyewe alikuwa shoga yake na hakutaka, ila wenzake walimsukuma.

Siku moja Mama akatuambia tukiwa tunakula, bila hata kununa, "Nisiposikika nitaacha. Lakini nikiacha nitakaa tu humu ndani nisubiri." Kusubiri nini hakusema. Longino akasukuma sahani pembeni.

Tukampa maiki ya kushika mkononi, akaikataa. Mikono inacheza, akasema, haiwezi kushika chuma, na yeye siyo mhubiri. Tukasimamisha maiki moja pembeni. Akipita pale anasikika mstari mmoja, akipita tu anapotea. Watu walicheka. Niliumia sana siku ile.

Longino akawaza yake. Azungushie duara maiki sita kwenye vijiti vifupi, na kila moja iwe na channel yake. Mama akikaribia ya kwanza, yeye Longino anaifungua. Akiiacha, anaifunga na kufungua ya pili. Zote kwa pamoja haiwezekani, spika zitapiga yowe na ngoma zitameza kila kitu. Yaani amfuate Mama kwa vidole.

Ndiyo akapanda basi kwenda Dar kutafuta mixer.

Alivyosimulia, wauzaji wa Kariakoo walimchosha. Kila mmoja anampa kubwa lenye mataa. Yeye alitaka ya rack, ile bapa inayofungwa kwa boliti kwenye sanduku pamoja na amplifaya, kwa sababu ingepanda juu ya basi kwenda vijijini na barabara zetu mnazijua. Akaletewa ya rack imeandikwa channel kumi na mbili. Akaigeuza nyuma, matundu ya maiki manne tu. Mengine yote ya redio kaseti na kinanda. Muuzaji akamwambia, "Wewe bwana wa Songea unanunua mgongo au unanunua mashine?" Longino akamjibu, "Mgongo."

Akapata moja yenye maiki sita, bila echo, bila taa, na swichi za sauti za kusukuma juu na chini kwa kidole badala ya vile vinobu vya kuzungusha. Ukiwa na vinobu huwezi kumfuata mtu anayetembea.

Jamani, ilifanya kazi. Sherehe ya kwanza pale mtaani kwetu Mama alizunguka na sauti yake ikazunguka naye, haikatiki. Akina mama wa upande wa pili waligeuka kutazama nani anaimba. Longino alikuwa amejiinamia kwenye mashine jasho linamtoka, vidole vinapanda vinashuka. Mama alipomaliza alikuja kumfuta jasho kwa kanga yake mbele za watu. Sijamwona kaka na furaha kama ile tena.

Tulizunguka hivyo kiangazi kizima. Maneno yakaisha.

Sherehe ya mwisho ilikuwa Namtumbo, kwa mama mdogo. Mwanawe alikuwa ameweka nadhiri za utawa kule Hanga, ukoo mzima ukaja kula. Ilikuwa mchana, jenereta nyuma ya nyumba, watu wamejaa hadi barabarani. Mashine tuliiweka barazani. Watu walisimama kuzunguka duara na Longino hakuweza kumwona Mama. Akasema haina shida, anajua mwendo wake.

Mimi nilikuwa upande wa spika.

Mama alitoa wimbo, wakaitikia. Akapita ya kwanza, ya pili. Alipofika ya tatu sauti ikakatika. Wenzake wakadhani anavuta pumzi, wakaitikia, ngoma zikaendelea. Longino naye akadhani amepita, akafungua ya nne.

Kwenye spika zikasikika nyayo tu. Akafungua ya tano, nyayo. Ya sita. Akarudi ya kwanza. Kila akifungua unasikia miguu na njuga, na mtu akikohoa. Mimi nilikuwa nasukuma watu nipite, nimeshajua. Kaka alikuwa anamtafuta Mama duara zima kwa vidole na hampati.

Akafungua ya tatu tena.

Mama alikuwa amekaa chini karibu na kile kijiti, amemwegemea Mama Ponsiana. Spika zote mbili zikatoa sauti yake, ndogo, wala haikuwa wimbo.

"Nipo hapa, baba."

Ngoma zikanyamaza zenyewe. Halafu akasema, "Basi, zima."

Longino akazima.

Tulimpeleka hospitali, wakafanya walichoweza. Hakuona mvua za mwaka ule.

Siku ya kumaliza matanga akina mama walikuja kumchezea. Longino alifunga maiki zote sita sehemu zake, akaniita, akaniambia nikae mimi. Yeye akaenda kusimama nje ya uzio. Mama Ponsiana ndiye aliyeimbisha, na ana sauti ya kuamsha kijiji, hakuhitaji mashine yoyote. Nilimfuata hivyo hivyo. Walipofika ya tatu walinyamaza wote, wakapita kwa miguu tu. Niliifungua. Nililia mpaka nikashindwa kuona namba.

Kaka alirudi kwenye redio zake. Mixer hajaigusa mpaka leo. Ninayo mimi, tumeibadilishia fyuzi mara nyingi na bado inapiga harusi na kipaimara. MC wakitaka maiki ya nyongeza huwa nawaambia ya tatu ni mbovu. Siyo mbovu.

Sasa ushauri kwa jamaa. Usisome namba ya mbele, geuza nyuma uhesabu matundu ya maiki. Chukua yenye swichi za kusukuma kwa kidole. Sanduku lifungwe boliti zote, na uache nafasi juu ya amplifaya ipate hewa. Na kabla hujatoa hela, jiulize unataka nani asikike. Ukishamjua huyo, mashine itajichagua yenyewe. Kisha mfungulie asikike angali yupo.

Wa Ruvuma mliowahi kuona kioda, na mafundi wote, semeni na nyie. Mwenye swali aulize, nipo hapa.