Mbegu Nilizozianika

Siku niliyoanika mbegu za umuremera kwenye jamvi naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu. Mimi na mama tulikuwa tumerudi kwetu Gasorwe kutoka ukimbizini Tanzania, nami nimepata kazi kwenye kitalu cha miche. Nilijiona mtaalamu.

Mama alikuwa na hamu moja tu. Miaka yote ya ukimbizini alizungumzia umuremera uliosimama nyuma ya nyumba ya baba yake, ule mti ambao gome lake walilichemsha kutuliza kifua. Tuliporudi haukuwepo. Kilima kizima kilibaki na mmoja, kwenye shamba la jirani. Mama akachimba shimo uani, akatia samadi, akaniambia, "Niletee mche wake. Nataka niuone una majani kabla sijaondoka."

Basi nikaitwa semina Gitega, ya watu wa vitalu, kujifunza kuotesha miti ya asili. Kila mmoja aje na mbegu za kwao. Zilibaki wiki tano. Nikaenda kwa jirani, matunda yameiva, nikaokota yote. Yote, mwanangu, sikuacha hata moja chini.

Mzee Ramadhani, mchonga vinu wa Muyinga mjini, alikuwa akipita kutafuta magogo. Akanikuta nageuza mbegu juani, akachuchumaa.

"We binti, unaanika hii kama maharagi? Hii iko ya kupanda mbichi. Panda leo, ya semina utabeba kidogo."

Nikamjibu kwa dharau kwamba mbegu yenye maji huoza, na kwamba kazi yake yeye ni kukata miti, si kuiotesha. Ukweli ni kwamba nilitaka nifike Gitega na chupa iliyojaa, watu waione.

"Mi nimekata mingi, ndiyo maana najua," akasema, akashika njia yake.

Kwenye ukumbi wa semina, mtaa wa Yoba kule Gitega, chupa yangu ilisifiwa kweli. Kisha mwalimu akatugawia nyembe tupasue mbegu kumi kumi, tuone kama zina uhai. Pembeni yangu alikaa mama mmoja wa Mutoyi. Zake, alizozifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, zilikuwa nyeupe, zimejaa. Zangu zilikuwa za kahawia, zimesinyaa. Zote kumi. Mwalimu akasema taratibu kwamba mbegu ya umuremera ukiianika juani inakufa. Yule mama alikuwa amekuja na chache tu za kupasua, nyingine keshazipanda kwao. Aliponiona nafuta machozi akaniahidi mche mmoja.

Niliporudi, jirani alikuwa ameukata ule mti achome makaa. Mama hakunilaumu. Aliendelea kung'oa magugu kwenye shimo lake kila asubuhi, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Mche wa Mutoyi ulifika msimu wa mvua uliofuata. Mama tulikuwa tumemzika wiki mbili kabla. Niliupanda kwenye shimo lile lile, na ndio huo unaouona leo umepita paa la jikoni. Watu huniambia ni mzuri. Mimi kila nikiutazama natamani mama angeona jani moja tu, hata kama mti wenyewe ungekufa baadaye.

Sasa wewe kesho unakwenda semina kama ile Gitega. Nenda, andika kila kitu, na cheti ukipewa kilete nikione, napenda vyeti bado. Lakini mbegu ulizookota jana zipande leo, kabla ya kufunga mzigo, ubebe chache. Na mtu akikuambia jambo la mti, msikilize kwanza, hata kama ameshika shoka.

Mungu akutangulie njiani, mwanangu, akupe moyo wa kusikia. Na yeyote unayemwoteshea mti, ukirudi, umkute hai.