Mikanda Miwili ya Papa Muhawe

Kaka yangu Nsengimana ni mtu wa viwili viwili. Akinunua kitenge ananunua viwili, tena vya rangi moja, kutoka mzigo mmoja, asije akasikia kwamba ua la huku ni kubwa kuliko ua la kule. Sabuni mbili, chumvi mbili, masufuria mawili. Ana wake wawili: Annonciata hapa Kashuga, ambaye sote tunamwita Mama Muhawe kwa jina la mwanawe wa kwanza, Muhawenimana, na Céline kule Buleusa, upande wa Walikale, aliyemchukua miaka ya karibuni. Mchungaji alimwondoa kwenye kwaya kwa ajili hiyo. Kaka hakununa. Alisema hata hivyo sauti yake ilikuwa imeshachoka.

Ndiyo maana mimi Elodie, dada yake wa kuzaliwa naye tumbo moja, sijaelewa mpaka leo ilikuwaje mtu huyohuyo akaingia dukani akanunua mkanda mmoja.

Mkanda ninaosema ni wa injini. Kaka ana Land Cruiser ya zamani, ya pua ndefu, iliyotangulia kuja duniani kabla yangu, nami si msichana. Inapeleka viazi na maharagwe Buleusa, inarudi na mafuta ya mawese. Mbele ya injini yake inakimbia mikanda miwili sambamba, ile mafundi wetu wanayoita courroie, inazungusha feni, pampu ya maji na dinamo. Siku mkanda mmoja ulipokatika, kaka aliutazama ule uliobaki. Akaupinda, akaunusa, hakuona ufa.

"Hii iko muzima," akasema. "Juu ya nini nitupe kitu muzima?"

Sokoni alichagua kwa makini kuliko alivyochagua wanawake. Alisoma namba iliyoandikwa mgongoni, akapima upana kwa kidole, akaukunja mpira kuona kama unapasuka. Akarudi na mmoja, mzuri kweli. Alipoufunga, mpya ulikaa vizuri lakini wa zamani ukawa unaning'inia. Basi akaivuta dinamo nje, akakaza nati, akakaza tena, mpaka ule wa zamani nao ukanyooka. Ukiugusa mpya ulikuwa unalia kama uzi wa inanga, zeze la kwetu. Kaka akafurahi, akapakia viazi.

Mpya ulikatika kwenye mlima wa kwanza.

Akanunua mwingine, wa kiwanda kingine. Ukakatika. Akanunua wa tatu, wa bei kali, nao ukaenda njia ileile. Kila mara mpya unakufa na wa zamani unabaki, umelegea, unanuka mpira wa kuungua, na injini inachemka kama chungu. Kaka akazidi kuuheshimu ule wa zamani. "Uone kitu ya zamani!" alikuwa akituambia. "Bintu ya sasa ni karatasi."

Kama mambo yangeishia hapo, tungecheka tu. Lakini watu wakaanza kufikiri, na watu wa kwetu wakianza kufikiri, jifungie mlango. Mbona unakatika kila anapotoka Kashuga, na akitoka Buleusa haukatiki? Kutoka kwetu gari limejaa viazi na linapanda mlima. Kutoka kule lina madumu machache ya mafuta. Hilo hakulikumbuka mtu. Kaka yetu mkubwa, Athanase, ndiye aliyelisema neno: "Muzee anakula mupya." Mara ya kwanza alikuwa anasema mikanda. Mara ya pili hakuwa anasema mikanda. Céline alikuwa amekonda mwaka ule, na likapatikana la kusema: mke mkubwa anamroga mdogo, na gari pia.

Sasa huyo Mama Muhawe mwenyewe ni nani? Ni mwanamke aliyebeba mawe ya msingi wa nyumba ya kaka yangu kwa kichwa chake. Vita vilipotukimbiza hadi kambini, wenzake walibeba magodoro. Yeye alibeba betri ya lile gari mgongoni na mtoto kifuani, kwa sababu mume wake alisema betri ikiibiwa gari limekufa. Mabega yake hayakurudi yalivyokuwa. Analima kilima kizima cha viazi, na ndivyo viazi vinavyokwenda kumlisha mwenzake Buleusa. Basi Athanase akaagiza kwamba Jumapili baada ya ibada ukoo ukae, na Mama Muhawe arudishwe kwa ndugu zake "akapumuzike."

Mama Muhawe alinijia shambani, jembe mkononi, macho yamemtoka.

"Dada Elodie, labda ninayo na sijue."

"Una nini?"

"Uchawi. Siku moja gari ilikuwa inatoka, nikakasirika. Nilikasirika sana. Hasira inaweza kata courroie?"

Nilitaka kumwambia hapana. Lakini mikanda mitatu ilikuwa imekatika, na mimi sijui injini. Nikamwambia tulime. Tulilima hadi jioni, na sikumbuki kama tulilima mistari iliyonyooka.

Siku iliyofuata mkanda wa nne ulikatikia sokoni penyewe, mbele ya Esdras, fundi wa pikipiki na mashine za kusaga. Nilikuwa hapo na kabichi zangu. Esdras alifungua boneti, akatazama, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Papa Muhawe, hizi zinaendaka mbili! Hii ya zamani ilivuta miaka mingi, ikarefuka. Weye unakaza mpaka hii ya zamani inyooke, kumbe unanyonga mupya. Kazi yote inabeba mupya peke yake."

"Kwa hiyo ya zamani njo mubaya?"

"Ya zamani haina kosa. Na mupya haina kosa. Ni kuzifunga pamoja njo kosa. Ukitoa moja, unatoa zote mbili. Unanunua mbili za pakiti moja."

Kaka alikuna kichwa. Mtu wa vitenge viwili! Akanunua pacha, Esdras akazifunga, gari likaenda Buleusa limejaa hadi juu na Jumapili likarudi likiimba, Céline amekaa mbele. Nikasema moyoni, Mungu ametenda, yamekwisha.

Wapi! Tulipokaa uani, Athanase akamuuliza kaka kama gari limepona, na kaka, kichwa chake kimejaa kelele za watu, akajibu:

"Imepona. Nilitoa ile ya zamani, ikapona."

Athanase akajipiga gotini kwa kiganja. "Njo vile nilisema!"

Nilisimama nikapiga kelele. Nikasema maneno ya Esdras yote, labda nikayavuruga, maana watu walianza kuuliza pampu ya maji imeingiaje kwenye ndoa. Athanase akaniambia wanawake hawaongelei gari. Kaka yangu alimtazama Athanase, akamtazama mke wake, akanitazama mimi. Si mtu mbaya. Neno la mwisho kumfikia ndilo analoliamini. Mama Muhawe alikuwa ameinama, kitenge chake kimeshafungwa furushi miguuni.

Ndipo Céline akainuka. Hatukujua hata sauti yake ikoje.

"Papa Muhawe, mu njia ulinielezea bingine. Esdras alitoa courroie ngapi?"

"Mbili."

"Juu ya nini?"

Kaka akajibu: "Alisema ukitoa moja, unatoa zote."

"Basi." Céline alivua kitambaa cha kichwa, akakitandika chini, akaanza kukusanya vitu vyake. "Kama munatoa Mama Muhawe leo, mutoe na miye leo, ningali na nguvu. Sitangojea nivute mpaka nirefuke kama yeye, halafu mulete mupya."

Athanase alitafuta kofia yake iliyokuwa kichwani, akasema mvua inakuja, akaondoka na wazee wake. Jua lilikuwa linawaka.

Mama Muhawe, ambaye miaka yote hajawahi kulitamka jina la mwenzake, alisogea kwenye benchi.

"Céline," akasema, "ikala hapa."

Wakakaa, mabega yakigusana, hawatazamani. Kaka yangu alibaki amesimama katikati ya ua. Mwishowe akanijia, akaninong'oneza: "Elodie, sasa miye nimefanya nini?"

Nilikuwa nacheka na kulia kwa wakati mmoja, na viazi vilikuwa vinaungua jikoni.