Miguu ya Kinyozi

Mume wangu ni kinyozi. Anasimama kutwa nzima, na jioni miguu inamvimba. Tangu tuoane mimi ndiye ninayeikanda kwa maji ya moto na chumvi. Akianza kuirusharusha namwambia, "Tulia wewe, hii miguu ni yangu." Hapo anacheka, na yanayofuata hayakuhusu.

Kumbe bwana huyu alikuwa anaandika riwaya. Ilipotoka niliringa mtaa mzima: mimi fundi cherehani, mke wa mwandishi! Kuisoma nilikuwa bado. Mchana mmoja nikampelekea chakula kazini, nikamkuta mteja mmoja, povu bado liko kidevuni, anawasomea wenzake riwaya hiyo kwa sauti. Humo kitabuni kuna mtumishi mweusi, na mke wa bwana wake, mzungu. Mwanamke anapiga magoti, anamwosha mtumishi miguu, anamwambia, "Tulia wewe, hii miguu ni yangu." Kisha wanazima taa.

Wateja walipiga makofi. Mimi moyo uliniwaka, haki ya Mungu. Wivu, ndiyo, wivu! Eti namwonea wivu mwanamke wa kwenye karatasi? Huyohuyo! Na mke wa yule mtumishi je? Nilikipekua kitabu chote: yumo ukurasa mmoja tu, anapika.

Jioni nikamvaa. "Maneno yangu umempa nani?"

"Mama watoto, ile ni habari ya rangi na mamlaka," akasema, kwa sauti yake mpya ya uandishi. "Yule mwanamke ana nguvu zote. Akimpigia magoti mtu mweusi, dunia imepinduka."

"Na mimi nikipiga?"

"Aa, wewe ni mke wangu. Hiyo ni kawaida."

Neno likawa limeshamtoka. Akaketi kwenye kiti chake, akavua viatu, akanyoosha miguu kungoja beseni. Jamani, mtu huyu hana hata haya!

Nikavuta kiti changu, nikakaa tukitazamana. Na mimi nilikuwa nimekanyaga cherehani tangu asubuhi. Nikavua ndala, nikanyoosha miguu.

Akacheka. Sikucheka. Akatazama dirishani, majirani walikuwa nje wanapiga soga. Akainuka kufunga pazia.

"Liache wazi," nikamwambia.

Akaliachia pazia. Kisha akaenda jikoni, akarudi na beseni, akapiga magoti. Kisigino changu alikishika ovyoovyo, maana hakuwa amewahi kukishika.