Gari Lisilowaka Mtangawanda

Gari pekee lililotungoja gatini Mtangawanda lilikataa kuwaka. Dereva alizungusha ufunguo, hata taa haikumeta. Abiria mmoja alituhumu fyuzi, mwingine stata, na wote walikuwa na hakika kabla ya boneti kufunguliwa.

"Mwanangu yuwaolewa Mbwajumali baada ya Alasiri," alisema mama aliyekalia sanduku la nguo za bibi harusi. "Fungua tuone."

Betri haikuwamo.

"Aa, nilimpa nahodha asubuhi," dereva alisema, akijipapasa kipara. "Ya boti ilikufa."

"Nahodha yupi?"

"Huyo aliyewaleta." Akaielekezea kidevu boti iliyokwisha kuondoka.

Nikawapigia wenzangu hesabu: betri ikiwa garini, boti haiendi, nasi hatufiki; ikiwa botini, tunafika, lakini gari haliwaki.

"Hesabu yako ni sawa, Bwana," mama alinijibu akiinuka. "Sasa shika sanduku upande huo, tushike ndia kwa miguu."