Wale wa Darini

Katika nyumba yetu ya Ilomba, Mbeya, neno panya halikutamkwa. Mama alikataa kabisa. Ukitaka kusema habari zao uliwaita "wale," tena unashusha sauti, maana alisema wanasikia, na wakisikia unawapangia jambo hawaligusi. Badala yake wanakuja kukutafunia nguo, na siyo nguo yoyote, ni ile ya kanisani. Usicheke. Nusu ya akina mama wa mtaa ule waliamini hivyo, na nusu nyingine walisema hawaamini huku wananong'ona.

Kwa hiyo sumu iliwekwa kimya kimya. Yule muuzaji anayepita na spika begani, "sumu ya panya, mende, kunguni," akikaribia geti letu mama alitoka mbio na mwiko mkononi: "Pita, baba, pita! Unaniharibia!" Siku nyingine akienda zake sokoni Uyole, ananunua sumu hiyo hiyo kwa kunyoosha kidole tu, anaifunga kwenye pindo la kitenge na kurudi kama hana habari. Anatwanga usipa, wale dagaa wa ziwani, na karanga za kukaanga, anachanganya, anaweka kwenye vifuniko vya ndoo mahali anapojua mwenyewe. Hata baba alipokuwa hai hakuambiwa ni wapi. Sisi watoto tulikatazwa kuokota chochote cha kula kilicho sakafuni, basi, na hiyo ilitutosha kwa sababu tulikuwa na umri wa kukatazwa.

Mwanangu hakuwa na umri huo. Ndiyo kwanza alikuwa anatambaa, na kila alichokiona alikijua kwa kukitia mdomoni.

Nilikuwa Iringa, nyumbani kwa mume wangu, mdogo wangu aliponipigia simu. Yeye ndiye aliyekuwa akiishi na mama. Alisema mama ameanguka jikoni, upande wa kulia umelala, na hasemi. Nilifunga mizigo nikilia, nikambeba mtoto kwa sababu alikuwa bado ananyonya, nikaenda Mbeya. Nilimkuta mama hospitalini na mdomo umekwenda upande. Nesi mmoja akatuambia tusiseme ovyo mbele yake, kwani anasikia kila kitu. Kilichokatika ni njia ya maneno kutoka.

Tulimrudisha nyumbani. Chumba chake kilikuwa kimejaa magunia ya mahindi, ndio kwanza mavuno yameingia, basi tukamtandikia kitanda sebuleni, mbele ya kabati la vyombo. Pale kulikuwa na joto la jiko la mkaa, na wageni wangeweza kumsalimia bila kupita vyumbani. Tulijiona tuna akili sana.

Siku mbili tatu baadaye mdogo wangu alikuwa anafua kitenge alichokuwa amevaa mama siku ile ya kuanguka. Nilimwona anasimama ghafla na povu mikononi. Alifungua pindo, akatoa kipakiti cha sumu. Kilikuwa kitupu.

"Ameweka lini?" nikamuuliza.

"Dada, unaniuliza mimi? Amewahi kuniambia?"

Wote wawili tukageuka kumtazama mtoto. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anagonga kifuniko cha sufuria sakafuni. Nilimnyakua kwa nguvu mpaka akalia.

Tangu saa ile sikumshusha. Nilipika naye mgongoni, nilimgeuza mama naye mgongoni, na usiombe kumgeuza mgonjwa mzito huku umebeba mtoto anayekuvuta nywele. Tulifagia, tukainamisha vichwa chini ya vitanda, tukatoa viatu vya tangu zamani. Hatukupata kitu. Mama alikuwa fundi wa kuficha jamani, miaka yote hiyo ya mazoezi.

Nyumba yenyewe ilianza kunitisha. Mchana wageni wakiondoka, na mdogo wangu akiwa ameenda kuuza viazi, ilitulia, halafu darini wanaanza. Wanatoka juu ya chumba chenye mahindi, wanakuja mbio mpaka juu ya kitanda cha mama, wanasimama hapo. Mimi nimesoma. Nafundisha sayansi, watoto wa watu wananisikiliza nikiwaeleza mambo ya ubongo na masikio. Lakini nilikaa pale na bakuli la uji mkononi, nikaogopa. Mama naye alikuwa anatazama pale pale waliposimama.

Kisha waliokula sumu wakaanza kufa huko huko juu, harufu ikashuka. Akina mama wa jumuiya walikuja kusali. Wanaingia na salamu yao ya "ugonile," wanakaa, halafu naona pua zinacheza. Wote wanamtazama mgonjwa. Mmoja akaniinamia sikioni: "Mwanangu, mmemwangalia mgongo? Asije akawa na vidonda." Mdogo wangu alisikia. Alisimama katikati ya sala na kusema kwa sauti kwamba mama yake anaogeshwa asubuhi na jioni, na mwenye shaka aje ashike beseni. Nilimvuta akae, lakini moyoni nilimshukuru. Mama alikuwa amefumba macho. Alikuwa mtu wa usafi maisha yake yote, na sasa watu wanadhani anaoza yungali hai.

Jioni ile nilipoteza uvumilivu. Nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia, "Mama, uliweka wapi? Nikipataja penyewe, fumba macho." Nikataja jikoni. Hakufumba. Aliinua macho darini, akanitazama, kisha akageuzia uso ukutani. Nikataja stoo. Vile vile. Hasira ikanipanda mpaka machozi. "Mama! Huyu ni mjukuu wako! Unamficha nani?" Chozi lilimtoka jicho moja, lile zima. Nikajiona mnyama.

Mdogo wangu, ambaye hajasoma kama mimi na hupenda kunikumbusha kuwa ndiye aliyebaki nyumbani, alisema tu, "Dada, hapa hawezi kusema. Kesho tumtoe nje."

Nilitaka kumcheka. Sikucheka. Kesho yake jua lilipowaka vizuri tulimbeba na godoro lake, mimi kichwani na yeye miguuni, tukamlaza uani karibu na kamba ya nguo, mbali na bati na dari. Mdogo wangu alimwinamia sikioni. "Mama, huku hawapo. Ni jikoni?"

Mama akafumba macho.

Sikuamini. "Nyuma ya pipa la maji?" Hakufumba. "Kwenye mkaa?" Akafumba. Tukaendelea hivyo, tukataja kila kona tuliyoifahamu: stoo, chooni, nyuma ya magunia, chini ya kitanda chake, banda la kuku. Kila alipofumba mmoja wetu alikimbia kuangalia, na kweli, kifuniko kilikuwepo. Tulivichoma vyote kwenye shimo la taka. Tulimrudisha ndani tukimbusu mikono, tunacheka na kulia, na mdogo wangu akamshukuru kwa lugha ya nyumbani, "Ndaga, mama, ndaga fijo." Nilidhani yamekwisha.

Hatukutaja sebule. Nani angeitaja? Sebuleni ndipo wageni wanapokula. Hakuna mwanamke wa Ilomba anayeweka sumu pale wanapokaa wageni, na kama anaweka, hapendi ijulikane.

Na mama alijaribu. Kila siku baada ya hapo alikuwa akiinua mkono wa kushoto, ule mzima, kuelekea kabati la vyombo. Tulidhani anataka kitu. Tulimtolea vikombe vya wageni, picha ya harusi, biblia ya baba, sahani ya maua aliyopewa na shangazi. Kimoja kimoja tulimwekea kifuani, na kila kimoja alikisukuma. Tukasema maskini, akili imeanza kuchanganyika. Mimi ndiye niliyemshusha ule mkono na kumfunika blanketi. "Pumzika, mama," nikamwambia, kama anavyoambiwa mtoto msumbufu.

Mtoto sasa nilikuwa nimemwachia sakafu. Mgongo ulikuwa unaniuma, na nilikuwa na hakika.

Ilikuwa mchana mweupe, mlango uko wazi, mdogo wangu yuko sokoni. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda namlisha mama uji. Mtoto alikuwa miguuni pangu, kisha akawa chini ya kitanda, namsikia anaongea lugha yake. Mama akakaza midomo. Nikaigusa kwa kijiko, hafungui. Uso wake ukawa mwekundu, mishipa ya shingo ikasimama, nikafikiri ndiyo kiharusi cha pili. Nikamwita, "Mama! Mama!"

Na sauti ikamtoka. Ilikuwa nzito, imepinda, siyo sauti niliyoijua. Lakini neno lilikuwa zima.

"Panya!"

Bakuli lilianguka. Nilipiga magoti kwenye uji wa moto, nikashika miguu ya mtoto iliyobaki nje, nikamvuta. Alikuwa amekwisha vuka chini ya kitanda mpaka kwenye nafasi iliyo chini ya kabati. Mkononi alikuwa amefumbata usipa na karanga zimegandana, na mkono uko njiani kwenda mdomoni. Nilimpiga ule mkono, vikatawanyika. Nilimtia kidole mdomoni, nikapekua ufizi, chini ya ulimi, kila mahali. Hakukuwa na kitu, ni jino lake moja tu na mate. Nilimwosha mikono mpaka ngozi ikawa nyekundu. Alilia kwa hasira ya kunyang'anywa, na sijawahi kusikia kilio kizuri kama kile.

Mama hakusema tena. Siku ile hakusema, wala wiki zilizofuata, wala asubuhi tuliyomshika mkono akakata roho. Hakuniita jina, hakumwita Mungu. Neno lake la mwisho duniani lilikuwa lile alilolikataa maisha yake yote, na alilitoa kwa ajili ya mwanangu.

Lakini pale pale, nilipogeuka na mtoto kifuani ili nimshukuru, sikumkuta anafurahi. Alikuwa ameinua macho darini, na alikuwa anaogopa, wazi wazi, kama mtu aliyetoa siri mbele ya wenyewe. Juu kulikuwa kimya kabisa. Nilitaka kumwambia, mama, ni panya tu. Sikuweza. Nilikaa karibu yake, nikamfunika mtoto masikio, nikatazama juu pamoja naye.